Mtu wa Ishirini na Moja: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Mtandao wa Ofisini

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mhasibu katika ofisi ya uwakala wa forodha iliyopo Barabara ya Sokoine, si mbali na bandari. Tupo wafanyakazi 26. Nyaraka zetu zote, yaani hati za shehena, ankara na makadirio ya ushuru, zimewekwa katika kompyuta moja iliyopo mapokezi, yenye Windows 10, nasi wengine huzifungua kupitia mtandao wa ndani. Asubuhi mambo huwa shwari. Ikifika saa nne hivi, anayechelewa kuingia hukataliwa, na mbele yake hutokea ujumbe wa Kiingereza unaosema kwamba kompyuta hiyo haiwezi kupokea miunganisho zaidi kwa wakati huo. Leo hukataliwa huyu, kesho yule. Mmoja wetu akizima mashine yake, aliyekataliwa huingia bila taabu. Fundi alitushauri tubadilishe swichi, yaani kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta zote, tukanunua mpya ya poti 48, na hali ni ile ile. Je, tumerogwa?

JIBU: Hamjarogwa, na swichi yenu ya zamani haikuwa na kosa lolote; kama bado ipo stoo, itunzeni. Jibu mmeliandika wenyewe katika barua yenu, pale mliposema kwamba mmoja akizima mashine yake, aliyekuwa nje huingia. Swichi mbovu haina tabia hiyo, kwa kuwa swichi haihesabu watu: poti ikifa imekufa kwa yeyote atakayechomeka waya humo, na haifufuki kwa sababu mhasibu amekwenda kula. Kifaa kinachokubali mmoja baada ya mwingine kutoka ni kifaa chenye idadi maalumu ya nafasi, kama daladala la levo siti, na hapo kazi ya kwanza ni kuhesabu waliokaa.

Nafasi hizo ni 20. Windows iliyotengenezwa kwa ajili ya meza ya mtu mmoja, iwe ni Windows 7, 10 au 11, inaruhusu vifaa vingine visivyozidi 20 kuifikia kwa wakati mmoja kwa ajili ya mafaili na printa. Sharti hilo limo katika leseni yake, na programu endeshi yenyewe hulisimamia bila kumwuliza mtu. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani Windows XP Professional ilikubali 10 tu, na ile ya nyumbani ilikubali 5. Ndiyo kusema kwamba kuiinua kompyuta ya mapokezi kutoka Windows 10 kwenda 11 hakutawaongezea hata nafasi moja. Mnayo sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo ni kwamba huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, lakini hilo ni jambo la usalama na halihusiani na mlango huu unaowafungia.

Mtaniuliza: iwapo tupo 26, na mmoja anakaa kwenye kompyuta hiyo hiyo, kwa nini asubuhi wote huingia? Kwa sababu asubuhi hamuingii wote. Wengine wapo bandarini wakifuatilia makontena, wengine wapo kwenye foleni ya Kilwa Road. Kadiri watu wanavyofika na kufungua folda, nafasi hujaa, na saa nne ndiyo saa ambayo ofisi nyingi za mjini huwa zimetimia.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba zinazohesabiwa ni mashine, si watu. Ile mashine ya kunakili inayotuma nakala ya karatasi moja kwa moja kwenye folda inachukua nafasi yake. Kompyuta mpakato ya mkurugenzi na ile ya mezani kwake, ambazo zote huwashwa kwa pamoja, huchukua mbili. Kompyuta moja pia yaweza kuonekana mara mbili katika orodha, iwapo ilijitambulisha mara moja kwa anwani (namba ya kifaa katika mtandao) ya aina ya kale, IPv4, na mara nyingine kwa ile ya aina mpya, IPv6.

Basi hesabuni. Saa nne, wakati mtu amekwisha kukataliwa, mmoja wenu akae kwenye kompyuta ya mapokezi, afungue dirisha la amri (Command Prompt) kwa ruhusa ya msimamizi, na aandike kwanza net config server. Kati ya mistari itakayotokea upo mmoja unaoeleza idadi ya juu ya watumiaji, na pembeni yake mtaiona hiyo 20 kwa macho yenu. Kisha aandike net session. Hapo itashuka orodha: safu ya kwanza ni jina au anwani ya kompyuta, inayofuata ni mtumiaji, na mbele zaidi kuna safu mbili ambazo ndizo ninazotaka mzisome taratibu, yaani idadi ya vitu alivyofungua na muda ambao amekaa bila kufanya chochote.

Mstari wenye vitu vinne vilivyofunguliwa na sekunde kumi na mbili za ukimya ni mtu anayefanya kazi, mwacheni. Mstari wenye sifuri na dakika kumi na tatu ni mtu aliyeondoka, ambaye mfumo wenyewe utamtoa punde. Wasumbufu ni wale wenye kitu kimoja au viwili na saa mbili za ukimya. Hao aghalabu walifungua dirisha la folda asubuhi, wakalishusha chini, wakaendelea na barua pepe zao. Dirisha likiachwa wazi namna hiyo huhesabiwa kuwa ni kitu kilichofunguliwa, na kwa hiyo ule utaratibu wa kuwatoa wanaosinzia haumgusi mwenye nalo.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya Upanga yenye watu 15 tu, ambao kwa hesabu ya kawaida hawakupaswa kufikia ukomo kabisa. Orodha ilipotoka tukakuta mistari 20 kamili. Tukaanza kuita anwani moja moja, na kila aliyetajwa akanyoosha mkono, hadi tukabaki na tano zisizo na mwenyewe. Moja ilikuwa mashine ya kunakili ya ghorofani, mbili zilikuwa simu za vijana waliokuwa wakihamisha picha, ya nne ilikuwa kompyuta ya chumba cha mikutano ambayo haikuzimwa tangu Ijumaa. Ya tano ilitusumbua mpaka adhuhuri: ilikuwa kompyuta iliyofichwa nyuma ya kabati kwa ajili ya kamera za ulinzi, na aliyeifunga alikuwa ameielekeza ihifadhi picha zake katika folda ile ile ya ofisi. Hakuna aliyekuwa akikumbuka kwamba ipo. Tulipoielekeza kwenye diski yake yenyewe, ofisi ikatulia siku hiyo hiyo, na haikununuliwa hata waya.

Baada ya kuhesabu, zipo hatua za leo na zipo za kudumu. Hatua ya leo ni kupunguza muda wa kusubiri kabla ya anayesinzia kutolewa. Kwa kawaida muda huo ni dakika 15. Mkiandika net config server /autodisconnect:5 utakuwa dakika 5. Waelezeni wenzenu mapema kwamba baada ya hapo wataona mara kwa mara alama nyekundu ya mkato juu ya picha ya folda ya mtandao, na kwamba alama hiyo si hitilafu: wakiibofya, folda hufunguka, mradi nafasi ipo. Waelezeni pia wafunge madirisha wasiyoyatumia. Najua agizo la namna hiyo hudumu siku tatu.

Mnaweza kumtoa mtu kwa nguvu, kwa mfano kwa kuandika net session \\192.168.1.37 /delete, lakini nawasihi msiifanye amri hii kuwa mchezo. Anayetolewa akiwa na jedwali la ushuru wazi ambalo hajalihifadhi anaweza kuipoteza kazi yake ya asubuhi nzima, na kuna mafaili ya programu za uhasibu ambayo huharibika yakikatwa katikati ya kuandikwa. Mpigieni simu kwanza. Ofisi yenu ina watu 26, si 2,600.

Kuna ushauri mmoja ambao bila shaka mtaupata kwa fundi fulani wa mtaani, nami nauwahi kabla haujawafikia, kwamba ipo programu ndogo ya kupakua inayoondoa ukomo huu. Uvumi huo una asili yake. Mwaka 2004, katika toleo la pili la masahihisho ya Windows XP, Microsoft waliweka ukomo wa miunganisho 10 ambayo kompyuta ingeweza kuwa imeianzisha kwenda nje na haijakamilika, ili kupunguza kasi ya virusi kusambaa, na watu wakatengeneza programu za kuuondoa. Ule ulikuwa ukomo wa kutoka, huu wenu ni wa kuingia, na ule wenyewe haumo tena katika Windows za leo. Anayewauzia dawa hiyo anawauzia dawa ya ugonjwa mwingine, tena uliokwisha pona, na mara nyingi ndani ya dawa mna virusi. Wala msihangaike na kile kisanduku cha idadi ya watumiaji kilichopo katika mipangilio ya folda. Kinakubali kushushwa, lakini hakipandi kupita 20.

Sasa ya kudumu. Kwa ofisi yenye watu 26 na nyaraka za wateja ambazo zikipotea ni kesi, maoni yangu ni kwamba kompyuta ya mapokezi haikupaswa kupewa kazi hii tangu mwanzo. Dada wa mapokezi akiizima saa kumi na moja, ofisi nzima imezimwa. Njia ninayoipenda ni kifaa cha kuhifadhia mafaili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye diski mbili ambazo moja ni nakala ya nyingine, kikafungwa katika chumba chenye ufunguo na chenye betri ya kukishikilia umeme unapokatika. Vifaa hivyo vingi hutumia Linux ndani, programu endeshi isiyo ya Microsoft, pamoja na programu iitwayo Samba, ambayo huzungumza lugha ile ile ya mafaili ya Windows lakini haina sharti la 20. Ukomo wake ni nguvu ya mashine yenyewe. Mkiwa na kijana anayeifahamu Linux, kompyuta ya zamani yenye afya inaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila gharama ya leseni, ila mjiulize nani ataitunza siku kijana huyo atakapopata kazi kwingine.

Njia ya tatu ni Windows Server, ambayo haina ukomo wa 20 lakini inadai leseni ya kuingilia kwa kila mtumiaji au kila kifaa, juu ya leseni ya seva yenyewe. Lipo toleo lake la ofisi ndogo liitwalo Essentials, ambalo halidai leseni hizo za ziada na linapokea watumiaji 25 na vifaa 50. Ninyi mpo 26. Sitaki niwatoe katika foleni moja niwaingize katika nyingine.

Kugawa folda katika kompyuta mbili, nusu huku na nusu kule, kutawaondolea usumbufu kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo hakuna atakayejua ankara ya mwisho ipo upande upi, na nakala za akiba zitachukuliwa za upande mmoja tu.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi ni kijana niliyeajiriwa karibuni kutunza kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi kilichopo Sinza. Wanafunzi na walimu hutumia waifai moja. Mpaka saa tatu hakuna tatizo, lakini baadaye simu nyingi hushika waifai kwa alama kamili na kisha hubaki zikizunguka kwenye maneno ya kupata anwani ya IP. Kompyuta mpakato hujipa anwani inayoanza na 169.254 na haifungui chochote. Nimeongeza bando mara mbili. Mkuu wa chuo ameanza kuniangalia vibaya.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Bando halihusiki, na mwambie mkuu wako hivyo kabla hujaongeza la tatu. Anwani inayoanza na 169.254 ni ile ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuuliza anwani na kukosa wa kumjibu. Kwa hiyo tatizo lipo kwa mgawaji wa anwani, ambaye katika vyuo vya ukubwa wako huwa ni ruta, kile kifaa kinachouunganisha mtandao wenu na intaneti.

Ingia katika ruta yako utazame sehemu ya kugawa anwani. Ruta nyingi huja zikiwa zimepangwa kugawa kuanzia, tuseme, 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, ambazo ni anwani 100, na kila anayepewa huachiwa kwa saa 24. Sasa piga hesabu ya chuo. Mwanafunzi anayefika saa mbili asubuhi, akakaa nusu saa na kuondoka, ameshika anwani mpaka kesho asubuhi ingawa yeye yupo nyumbani Manzese amelala. Mwenye simu na kompyuta mpakato ameshika mbili. Wakifika hamsini wa aina hiyo, ghala limekwisha, na anayefuata atazunguka mpaka achoke.

Punguza muda wa kushika uwe saa mbili. Usiogope kwamba waliopo watakatwa kila baada ya saa mbili, kwa kuwa kifaa huomba kuongezewa muda kinapofika nusu yake, yaani saa moja, na huongezewa kimya kimya. Wanaopoteza anwani ni walioondoka tu. Kisha panua ghala. Katika mtandao wenye kinyago (subnet mask, namba inayopanga ukubwa wa mtandao) cha 255.255.255.0 kuna anwani 254 zinazotumika, na moja ni ya ruta yenyewe. Lakini kabla ya kuruhusu ruta igawe zote, tafuta vifaa vilivyopewa anwani za kudumu kwa mkono, hasa printa, kwa sababu ruta ikimpa mwanafunzi anwani ya printa ya ofisi ya mhasibu, kesho utaitwa kwa tatizo jingine. Ukihitaji zaidi ya hizo, kinyago cha 255.255.254.0 kinakupa 510, ila itakubidi ukibadilishe pia katika kila kifaa ulichokipangia kwa mkono. Kama ruta yako inaweza, watenge wanafunzi katika mtandao wao wa wageni, walimu na ofisi wabaki katika wao. Mimi ningeanza na hilo la kutenga hata kama anwani zingetosha, kwani sioni sababu ya simu ya mwanafunzi kuiona kompyuta yenye alama za mitihani.

Ukifanya yote hayo na bado wengine wanapotea, nenda kwa mmoja wao uandike ipconfig /all, usome mstari unaotaja seva ya DHCP, yaani huyo mgawaji. Ikiwa anwani iliyoandikwa hapo si ya ruta yako, basi kuna mtu ameleta ruta ndogo kutoka nyumbani, ameichomeka ukutani ili apate waifai nzuri darasani kwake, nayo inagawa anwani zake za upotofu kwa kila anayeiuliza. Ruta ya namna hiyo utaipata kwa kufuata waya, kutoka swichi hadi meza ya mwisho. Tafuta kwanza ofisi za walimu.

SWALI: Nina duka la vipuri vya magari Kariakoo, lenye kompyuta mbili chini na moja ghala la juu. Folda ya bei ikigoma kufunguka ghalani, jirani yangu husema ni mkongo wa baharini umekatika tena. Ni kweli?

JIBU: Jirani yako anakumbuka Mei 2024, wakati mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Lakini mkongo wa baharini hubeba mawasiliano yanayotoka nje ya nchi, na folda yako ya bei inasafiri ngazi moja tu, kutoka ghalani hadi kaunta. Hata mikongo yote ingekatika leo, folda hiyo ingefunguka. Na kwa kompyuta tatu, ule ukomo wa 20 nilioueleza juu haukuhusu.

Siku itakapogoma, panda ghalani, fungua dirisha la amri na uandike ping, uache nafasi, kisha anwani ya kompyuta ya kaunta. Likirudi jibu lenye muda wa milisekunde, waya ni mzima na tatizo aghalabu lipo katika ruhusa ya folda au neno la siri. Lisiporudi, hakikisha kompyuta ya kaunta imewashwa na haijalala, kisha ufuate waya kwa mkono kuanzia ghalani, hasa pale unapopita chini ya mlango au nyuma ya maboksi ya breki. Jibu likikosekana wakati waya ni mzima na kaunta ipo macho, ukuta wa usalama (firewall) wa kompyuta ya kaunta huenda unazuia. Tazama kama mtandao wa dukani umeandikishwa humo kuwa ni wa umma, uubadilishe uwe wa binafsi, na ujaribu tena.